Uzito wa Watoto Wadogo: Tuanzie kwenye Sufuria ya Uji na Uwanja wa Shule

Somo kwa wazazi, walezi, walimu wa chekechea na kamati za shule

Katika familia nyingi mtoto mnene husifiwa. Jirani humpakata na kusema, "Huyu analishwa vizuri." Sifa hiyo ina asili yake. Wazee wetu walipitia miaka ya ukame na njaa, wakaona kwamba surua na kuhara humwangusha kwanza mtoto aliyekonda. Ndiyo maana mzazi anapoambiwa kliniki kwamba uzito wa mwanawe umezidi, mara nyingi hushangaa, na pengine hukasirika.

Somo hili linaeleza kwa nini uzito uliozidi ni jambo la kushughulikiwa mapema, na jinsi shule, hasa chekechea na madarasa ya gredi ya 1 hadi ya 3, inavyoweza kusaidia. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: uzito wa watoto wadogo hulindwa kwa kurekebisha kile ambacho darasa zima linakula, linakunywa na linacheza. Kumtenga mtoto mmoja na kumwekea masharti yake peke yake huleta madhara kuliko faida.

HALI ILIVYO NCHINI

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka 5 nchini Kenya, 18 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Watoto 3 kati ya 100 walikuwa na uzito uliozidi. Mtu akisoma hadi hapo atasema unene si tatizo letu.

Lakini utafiti huo huo ulipowaangalia wanawake wa miaka 20 hadi 49, karibu 45 kati ya 100 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Watu wazima hao waliwahi kuwa watoto, na mazoea mengi ya kula na kutembea hujengwa kabla mtu hajavuka darasa la nane. Njia ya kutoka utotoni hadi utu uzima hupitia shuleni.

Duniani kote mambo yamebadilika pia. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia ni wengi kuliko wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika hapo. Maana yake ni kwamba sisi tunayo nafasi ya kuzuia, ambayo ni rahisi kuliko kutibu.

Mtoto mwenye unene wa kupindukia ana uwezekano mkubwa wa kubaki hivyo akiwa mtu mzima, na kupata shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Hata akiwa mdogo anaweza kuhema haraka akicheza, kuumwa magoti na kuoza meno kwa sababu ya sukari. Pia huchekwa na wenzake, jambo linalomfanya aogope uwanja wa michezo.

Tusisahau kwamba kudumaa na kunenepa vinaweza kukaa katika nyumba moja, hata katika mwili mmoja. Mtoto anayeshinda kwa chai ya sukari na mandazi hupata nguvu nyingi lakini hukosa protini, madini na vitamini za kumkuza. Anaweza kuwa mfupi na bado akawa mzito. Kwa hiyo mpango mzuri wa shule haupunguzi chakula. Unakibadilisha kiwe bora kwa wote, aliyekonda na aliyenenepa.

TUTAJUAJE UZITO UMEZIDI?

Macho hayatoshi. Kuna mtoto mwenye mashavu manene ambaye uzito wake ni sawa, na kuna mwingine anayeonekana wa kawaida kwa sababu watoto wote wa mtaa wamenenepa.

Mizani peke yake pia haitoshi. Kilo 20 kwa mtoto mrefu si sawa na kilo 20 kwa mtoto mfupi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mhudumu wa afya hulinganisha uzito na urefu. Kwa mtoto aliyezidi miaka 5, hukokotoa uwiano wa uzito kwa urefu, kisha hulinganisha jibu na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya umri na jinsia ya mtoto huyo. Viwango vya mtu mzima havitumiki kwa mtoto.

Mzazi, tunza kijitabu cha afya ya mama na mtoto hata baada ya chanjo kuisha. Wengi huacha kwenda kliniki mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu, na kuanzia hapo hakuna anayejua mstari wa ukuaji umeelekea wapi. Wiki za Malezi Bora, ambazo hufanyika mara mbili kwa mwaka, ni nafasi nzuri ya kumpima mtoto pamoja na kumpa vitamini A na dawa ya minyoo.

HESABU YA SUKARI

Chukua chupa ya soda au pakiti ya juisi usome maandishi ya nyuma. Tuseme imeandikwa gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi ina gramu 50. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Hivyo chupa hiyo moja ina zaidi ya vijiko 12.

Je, mtoto anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Sukari iliyo katika asali na katika juisi, hata ile iliyokamuliwa nyumbani, huhesabiwa humo. Sukari iliyo ndani ya tunda zima au maziwa haihesabiwi. Uingereza, inayofuata kiwango cha asilimia 5, huwaambia wazazi kwamba mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19 kwa siku, yaani karibu vijiko 5.

Sasa tuje kwenye sufuria yetu. Uji wa saa nne ni msaada mkubwa kwa watoto wa chekechea. Humfanya mtoto aje shule na asisinzie darasani. Lakini tuseme mpishi ana watoto 50 na humwaga kilo nzima ya sukari katika sufuria. Gramu 1,000 ukizigawa kwa 50 unapata gramu 20 kwa kila mtoto. Kikombe kimoja kimemaliza kiwango cha siku nzima, kabla ya chai ya jioni nyumbani na peremende ya njiani.

Dawa yake si kuondoa uji. Ni kupunguza sukari polepole ili ulimi uzoee: robo tatu ya kilo mwezi wa kwanza, nusu kilo mwezi wa pili, robo kilo mwezi wa tatu. Uji wa wimbi au mtama uliochachushwa una ladha yake. Ukiongezwa maziwa au ndizi mbivu iliyopondwa, watoto huunywa bila manung'uniko. Na pesa zinazobaki kwenye sukari zinaweza kununua maziwa hayo au ndizi hizo.

WALIOTANGULIA WALIJIFUNZA NINI?

Kabla ya kupanga la kufanya, tuangalie nchi mbili zilizoanza kazi hii miaka mingi iliyopita. Moja inatuonyesha la kuiga, nyingine la kuepuka.

Kaskazini mwa Ufaransa kuna miji miwili midogo, Fleurbaix na Laventie. Mwaka 1992 shule zake zilianza kuwafundisha watoto kuhusu chakula. Walijifunza darasani, wakapika, wakaonja vyakula. Katika miaka ya kwanza unene wa watoto haukupungua, uliendelea kupanda. Baadaye miji yenyewe iliingia kazini: wataalamu wa lishe wakaajiriwa, viwanja vya michezo vikajengwa, na madaktari, wenye maduka na vyama vya michezo wakashirikishwa. Mwaka 2004 watoto wenye uzito uliozidi katika miji hiyo walikuwa asilimia 8.8. Katika miji ya jirani iliyolinganishwa nayo walikuwa asilimia 17.8. Funzo letu ni kwamba somo la darasani ni mwanzo tu. Mtoto akifundishwa matunda asubuhi, kisha akakuta langoni hakuna kingine ila peremende na chipsi, lango litashinda.

Singapore nayo ilianza mpango wa shule mwaka huo huo wa 1992, ikauita kwa kifupi TAF. Wanafunzi wanene walichaguliwa na kupewa mazoezi ya ziada, mara nyingine wakati wenzao wakipumzika. Uzito wa wanafunzi ulipungua, lakini watoto waliumia kwa namna nyingine. Kila aliyewaona uwanjani alijua kwa nini wako pale. Wenzao waligundua kwamba herufi za TAF zikisomwa kinyumenyume hutoa neno la Kiingereza lenye maana ya mnene, likawa jina la kuwacheka. Mwaka 2007 mpango huo ulifutwa, na mahali pake ukawekwa mpango wa afya kwa wanafunzi wote.

MAMBO SITA SHULE INAWEZA KUFANYA

1. Maji yawe kinywaji cha shule. Kila mtoto aje na chupa ya maji, na shule iwe na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Mahali ambapo hakuna maji salama, mzazi humpa mtoto juisi ya pakiti kwa kuogopa kipindupindu, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo tangi la maji na kichujio ni sehemu ya vita dhidi ya unene.

2. Chakula kitoke shambani na sokoni kwetu. Githeri, ndengu na wali, maharagwe na ugali wa unga usiokobolewa, sukuma wiki, mchicha, omena, viazi vitamu na nduma ni vyakula vya kujivunia. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa makisio. Tunda moja, hata kipande cha papai au ndizi, liwepo kila inapowezekana.

3. Watoto wacheze kila siku. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau saa 3 za kujishughulisha kwa siku, na ndani yake saa moja ya kukimbia na kuruka. Kuanzia miaka 5, anahitaji angalau saa moja kila siku ya shughuli inayomfanya aheme. Hatuhitaji vifaa vya bei. Kuruka kamba, blada, kati, ukuti na kufukuzana vinatosha. Mwaka 2012 shule moja ya msingi huko Stirling, Scotland, ilianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku wakimbie au watembee kwa mwendo wao wenyewe, wakiwa na sare zao. Wazo hilo limeenea katika nchi nyingi kwa sababu halina gharama. Shule za mijini zilizo katika majengo ya kukodi, zisizo na uwanja, zinaweza kucheza ngoma na kuruka darasani madawati yakisogezwa. Na mtoto asinyimwe mapumziko kama adhabu.

4. Zawadi isiwe peremende. Mwalimu anayempa peremende mtoto aliyejibu vizuri humfundisha kwamba sukari ni tuzo. Mpe kibandiko cha nyota, makofi, au nafasi ya kuongoza wimbo. Kwa siku za kuzaliwa, kamati ya wazazi ikubaliane: tutaimba na kusimulia hadithi, na keki itabaki nyumbani.

5. Tuzungumze na wauzaji wa langoni. Mama anayeuza mandazi na viazi karai nje ya shule hulipa karo ya wanawe kwa biashara hiyo. Tusimfukuze. Tukae naye tukubaliane auze mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi na maembe ya msimu, na wazazi wamuunge mkono kwa kununua. Tahadhari: njugu nzima na peremende ngumu zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 5.

6. Upimaji ufanywe kwa heshima. Watoto wote wapimwe, mmoja mmoja, mbali na macho ya wenzao. Kilo zisitajwe kwa sauti. Matokeo yaende kwa mzazi ndani ya bahasha, yawe mazuri au mabaya, ili bahasha yenyewe isimtangaze mtoto. Anayehitaji msaada aelekezwe kwenye kituo cha afya. Majina kama "kibonge" yakome darasani, na walimu wawe wa kwanza kuyaacha.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na huduma ya afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea, huduma za afya za kaunti, na utoaji wa leseni na usimamizi wa biashara zinazouzia umma chakula. Kwa maneno mengine, sufuria ya uji ya chekechea, mhudumu wa kliniki na kibanda kilicho langoni vyote viko chini ya serikali ya kaunti.

Hilo linakupa wewe mkazi nafasi ya kusema. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya kushirikisha umma kabla haijapitishwa. Watu wengi hufika pale kuuliza barabara na taa za mitaani, na wana haki. Uliza pia: tangi la maji la chekechea yetu liko wapi katika bajeti? Uwanja wa watoto umetengewa ardhi? Afisa wa lishe atatembelea shule ngapi katika wadi yetu mwaka huu?

KAZI YA NYUMBANI

Shule humkaa mtoto saa chache. Zinazobaki ni za nyumbani, pamoja na wikendi na likizo zote.

Mtoto anywe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, kwani kunyonyesha humkinga pia na uzito uliozidi. Akiwa mkubwa, mpe kifungua kinywa kabla ya shule ili asifike langoni na njaa. Tumia sahani ndogo kwa mtoto mdogo, na akisema ameshiba umwamini. Kumlazimisha amalize chakula humfundisha kupuuza tumbo lake.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, muda wa kukaa mbele ya televisheni au simu usizidi saa moja kwa siku. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka 5 na zaidi saa 9 hadi 11. Mtoto asiyelala vya kutosha yuko katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa.

Piga hesabu ya pesa za mfukoni pia. Shilingi 20 kwa siku ni 100 kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 12 ni 1,200. Ukijua bei za soko lako, andika ndizi, mayai na maziwa kiasi gani yangenunuliwa kwa pesa hizo.

Nyanya na babu wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa wengi wao ndio wanaokaa na watoto mchana. Zungumza nao kwa adabu. Usiwaambie wamekosea kumnenepesha mjukuu. Waombe watufundishe tena vyakula vya zamani: mihogo ya kuchemsha, maboga, kunde, mboga za kienyeji. Hayo wanayajua kuliko kijitabu chochote.

Na jambo moja la tahadhari kubwa: usimnyime mtoto chakula wala kumpa dawa za kupunguza uzito. Mwili wake unakua. Mara nyingi lengo la mhudumu wa afya ni mtoto adumishe uzito alionao huku urefu ukimfikia. Ukiwa na wasiwasi, nenda zahanati iliyo karibu au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA WAZAZI

1. Uji wa shule yetu unapikiwa watoto wangapi, na kwa sukari kiasi gani? Gawanya upate gramu za kila mtoto.

2. Mtoto wetu akisikia kiu saa tano asubuhi, anakunywa nini, na kinatoka wapi?

3. Kuanzia lango la shule hadi nyumbani kuna vibanda vingapi? Vingapi huuza matunda?

4. Watoto wa chekechea yetu hukimbia dakika ngapi kwa siku? Anayesema anajua, je, amewahi kuhesabu?

5. Ni jambo gani moja, kati ya yale sita, tunaloweza kuanza Jumatatu bila kungoja pesa za mtu yeyote?

Kamati iandike jibu la swali la tano, itaje atakayelisimamia, na ilisome tena mkutano wa muhula ujao ili wazazi waone limefikia wapi.